Mashine ya barafu ya friji inatoa vipande vidogo na kudondosha maji: je, imekufa?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Nipo Gungu, hapa Kigoma mjini. Nina friji ya mtumba ya milango miwili, ile yenye mashine ya kutengeneza barafu yenyewe ndani ya friza. Fundi bomba aliiunganisha na tanki la nje lililo juu ya mnara wa mita tatu. Barafu ilianza kutoka, lakini vipande ni vidogo na vingine vina uwazi katikati. Siku hizi maji yanadondoka kwenye kisanduku cha barafu, na asubuhi nakuta bonge moja. Fundi wa friji amesema mashine imekufa na gesi nayo ijazwe. Ninunue nyingine?

JIBU: Dada, usinunue kitu kwanza, na gesi isijazwe. Kama friza inagandisha samaki mpaka wanakuwa wagumu, gesi ipo. Gesi ya friji huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, kwa hiyo haiishi kwa kutumika. Hupungua pale tu inapovuja, na hapo friza nzima hulegea, si barafu peke yake. Inaniuma kuona watu wanalipia gesi kwa kila tatizo la friji. Dalili zako zote zinaelekea sehemu moja: presha ya maji.

Tuanze na jinsi mashine inavyofanya kazi. Nyuma ya friji, karibu na sakafu, kuna valvu ya umeme. Mashine ikihitaji maji huipelekea umeme kwa sekunde chache, kwenye aina nyingi kama 7, na maji kiasi cha mililita 140 hivi hupanda kwenye mrija mwembamba na kumwagika katika kalibu ya alumini, yaani chombo cha kugandishia vipande. Kwenye kalibu kuna sensa. Kalibu ikishuka hadi karibu nyuzi 9 au 10 chini ya sifuri, mashine inajua barafu imeiva. Hita iliyo chini ya kalibu inawaka na kuyeyusha ngozi ya nje tu ili vipande viachie, kisha mota inazungusha vidole vinavyovisukuma kisandukuni. Pembeni kuna mkono wa waya unaonyanyuka kila barafu inapoanguka. Kisanduku kikijaa, mkono unabaki juu na kazi inasimama. Ukisafiri, unyanyue mwenyewe ubaki juu.

Sasa rudi kwenye ile valvu, maana shida yako imelala hapo. Ndani yake kuna kiwambo cha mpira chenye tundu dogo sana. Maji hupenya kwenye tundu hilo, yanakaa juu ya kiwambo na kukikandamiza chini, mlango unafungwa. Koili ikipata umeme huvuta kijiti cha chuma cha katikati, maji ya juu yanatoka, kiwambo kinanyanyuka na njia inafunguka. Kwa maneno mengine, koili hufungua tu. Kazi kubwa ya kufunga inafanywa na presha ya maji yenyewe. Presha ikiwa ndogo, maji yanaingia kidogo, ndiyo maana vipande vyako ni vidogo na vina uwazi. Na baada ya kujaza, kiwambo hakikai sawasawa, kwa hiyo maji yanaendelea kudondoka tone moja moja usiku kucha. Hilo bonge unalokuta asubuhi ni matone hayo. Yakiganda kwenye mrija wa kuingizia maji, mrija unaziba na barafu inakoma kabisa, na hapo ndipo mtu hutangaza kwamba mashine imekufa.

Fanya hesabu ya mnara wako. Kila mita 10 za kimo cha maji hutoa takriban bar 1 ya presha. Mnara wa mita tatu, ukiongeza kimo cha maji ndani ya tanki, unakupa kama bar 0.4 kwenye valvu. Watengenezaji wengi wa friji hizi wanataka angalau bar 1.4, yaani psi 20. Ili uipate kwa mnara peke yake, tanki lingekaa mita 14 juu, kimo cha nyumba ya ghorofa nne. Friji haina kosa, na fundi bomba naye hakukosea kuunganisha. Tanki la nyumbani halikukusudiwa kazi hii.

Dawa yake ni pampu ndogo ya kuongeza presha, yenye swichi inayojiwasha maji yakifunguliwa. Ifungwe baada ya tanki na kabla ya chujio la maji la friji, iwekwe kati ya bar 2 na 3, usizidi sana. Chagua yenye kinga ya kukauka, kwa sababu siku tanki likiisha maji pampu itazunguka kavu na kuungua. Weka pia koki ndogo karibu na friji.

Kabla ya kununua pampu, thibitisha. Chomoa friji kwenye umeme, acha maji wazi, uangalie mrija unaoingia kwenye kalibu. Matone yakiendelea wakati umeme haupo, valvu haifungi: ama presha ni ndogo ama ndani kuna uchafu. Yakikoma, kuna kitu kinachoipelekea valvu umeme usiotakiwa, na hapo mtafute fundi mwenye mita ya kupimia umeme. Kisha funga koki, fungua mpira wa maji nyuma ya friji na utazame kichujio cha waya kwenye mdomo wa valvu. Maji yanayokaa tankini huacha mchanga na ute wa kijani, na kichujio hicho huziba. Kisafishe kwa mswaki laini. Mrija ukiwa umeganda, uyeyushe kwa draya ya nywele au maji ya uvuguvugu. Usitumie kisu wala moto. Kalibu nayo ioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo tu. Ukiikwangua unaondoa rangi inayosaidia barafu kuachia, na baada ya hapo vipande vitakwama kila mara.

Soma pia kibandiko cha friji. Ikiwa ni ya Marekani, ya volti 115 na hezi 60 (hezi ni kasi ya mzunguko wa umeme), transfoma itarekebisha volti lakini si hezi. Kwenye mashine za zamani zinazopima muda kwa mota, umeme wetu wa hezi 50 huifanya mota izunguke polepole, na zile sekunde 7 zinakaribia 8 na nusu. Presha ikishakuwa nzuri, kalibu inaweza kufurika. Hapo fundi apunguze maji kwenye skrubu ya kurekebishia.

Jambo moja naomba ulichukulie kwa uzito. Kugandisha hakuui vijidudu vya kipindupindu wala vya homa ya matumbo, na chujio la mkaa la friji huondoa harufu na ladha, halikusudiwi kuua vijidudu. Maji ya tanki yatibiwe kwa klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye dawa, na tanki lioshwe na kufunikwa. Usipoweza kuhakikisha hilo, zima mashine, chemsha maji na ugandishe kwenye trei. Siku ukinunua friji nyingine, tafuta yenye tanki dogo la ndani unalojaza mwenyewe. Haihitaji presha ya bomba, na unaweza kuijaza maji yaliyochemshwa na kupoa. Kwa mazingira yetu ya Kigoma mimi naipendekeza hiyo.

Pampu ikishafungwa, weka friza nyuzi 18 chini ya sifuri na umwage barafu yote ya saa 24 za mwanzo. Umeme ukikatika muda mrefu, toa barafu iliyoyeyuka kabla haijaganda upya. Kama matone yataendelea hata baada ya presha kupanda na kichujio kusafishwa, kiwambo kimechoka. Badilisha valvu peke yake, uache mashine. Nenda dukani na ile ya zamani mkononi, ulinganishe volti, idadi ya matundu ya kutolea maji na unene wa mpira wa maji.