Ushuru Sifuri Haufuti Kibali: Kwa Mnaoanza Kuvusha Nyanya na Vitunguu Namanga

Wadogo zetu mlioingia biashara hii msimu huu, tunawapenda, ila mnatuumiza roho. Lori la nyanya kutoka Tanzania linalala mpakani Namanga kwa kosa ambalo wenzenu wa mwaka jana walilifanya, na wa mwaka juzi vilevile.

1. Kosa lenyewe ni kupakia kwanza, kibali baadaye. Mtu amesikia kwamba tangu Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki uanze kazi mwaka 2005, mazao ya Tanzania huingia Kenya bila ushuru wa forodha. Anampigia mkulima wa Ngarenanyuki, anatuma pesa, lori linaondoka. Kilichoondolewa ni ushuru. Ukaguzi wa afya ya mimea uko palepale.

Anayeanza ni wewe mnunuzi wa Nairobi. Unaomba KEPHIS, shirika la Kenya la afya ya mimea, kibali cha kuingiza mimea, mtandaoni, kabla nyanya haijachumwa. Kibali kinataja zao, nchi linakotoka na masharti. Unamtumia muuzaji nakala, naye anaipeleka TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea ya Tanzania. Mkaguzi wao anapima mzigo kwa masharti hayohayo, kisha anatoa cheti cha usafi wa mimea. Ukigeuza mpangilio huu, cheti kinatoka bila tamko ambalo kibali kimelidai, na mkaguzi wa upande wetu hawezi kukuandikia. Lazima kirudi kwa aliyekitoa. Ikiwa ni Ijumaa jioni, hesabu mwenyewe.

Nyanya haingoji. Kreti za chini zinabanwa, zinatoa maji, na maji hayo yanaozesha zilizo jirani. Mwenye lori anadai pesa ya kulala. Mzigo ukifika Marikiti, soko la jumla la Nairobi, jua limeshapanda, wanunuzi wa alfajiri wameondoka, na broka anakupa bei anayotaka kwa sababu anaona kreti zinavuja. Safari ijayo unambana mkulima ufidie hasara, na mama mboga wa Kawangware anapanga mafungu madogo kwa bei ileile. Karatasi moja iliyochelewa imewagusa watu ambao hawajawahi kuuona mpaka.

2. Cheti cha asili, yaani karatasi inayothibitisha kwamba mzigo umetoka ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mzigo wa thamani isiyozidi dola 2,000, ulio kwenye orodha iliyokubaliwa, hupata cheti rahisi cha asili hapohapo mpakani. Mfumo huo uliwekwa kwa ajili ya wafanyabiashara wadogo, wengi wao akina mama. Msivunje lori moja vipande sita kwa majina ya shangazi na binamu. Afisa anaona namba moja ya gari, na mkikamatwa wanaobanwa kesho yake ni akina mama wenye magunia mawili. Lori zima linataka cheti kamili kutoka upande wa muuzaji. Bila cheti, mzigo unaweza kutozwa kama wa nje ya Jumuiya, ambako ngazi ya juu ya ushuru tangu Julai 2022 ni asilimia 35.

3. Udongo. Kitunguu cha Mang'ola, kule Tanzania, kikija na mabonge kwenye mizizi, unaingiza udongo, na hiyo ni sababu tosha ya mzigo kukataliwa. Mizizi ikatwe. Halafu bonyeza shingo ya kitunguu kwa kidole gumba: ikiwa laini hakijakauka, na ndani ya neti kitaoza kuanzia hapo juu huku ganda likionekana zuri. Kianikwe kivulini penye hewa hadi shingo ijifunge. Msikubali kuharakishwa hapa.

4. Uzito kwenye cheti, ankara na gari ulingane.

5. Fuateni matangazo ya serikali kila siku. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, sumu inayotokana na kuvu; siku chache baadaye yaliruhusiwa kwa masharti mapya, ila malori yalikuwa tayari yameshakwama. Mkataba wa Jumuiya ulikuwepo wakati wote huo.

6. Ulizeni bei ya hapa nyumbani kabla ya kutuma pesa ng'ambo. Vitunguu vya Kieni na Loitokitok vikivunwa wakati mmoja na vya Mang'ola, neti inashuka bei Marikiti, mkulima wetu anauza kwa hasara, na wewe uliyelipa nauli, wakala wa forodha na ushuru wa kaunti huna pa kushusha. Piga simu Loitokitok kwanza. Wakikwambia wanaanza kung'oa wiki ijayo, acha hiyo safari.