Pima maji kabla mtambo haujafika

SWALI: Hapa kwetu Mtwara Vijijini wanasafisha eneo la kuchoronga kisima cha gesi, kama mita 600 kutoka shamba langu la mikorosho. Maji ya kunywa tunachota kisima chenye kina cha mita 45. Niyalinde vipi?

JIBU: Ndugu yangu, kapime maji hayo wiki hii. Gesi ya Ntorya, eneo la gesi la huko Mtwara, iko zaidi ya mita 2,500 chini, mbali sana na kisima chako. Kinachonitia wasiwasi ni lile tundu la kuifuata, maana linapita katikati ya maji yenu. Tundu hilo hukingwa kwa mabomba ya chuma yaliyozungushiwa saruji. Saruji isiposhika vizuri, gesi hupanda pembeni mwa bomba hadi kwenye maji. Juu ya ardhi kuna bwawa la tope la uchorongaji, ambalo turubai lake likichanika huvujia chini, na maji ya chumvi yanayotoka pamoja na gesi.

Visima vya pwani vingi vina chumvi ya asili. Siku ukilalamika utaambiwa maji yalikuwa hivyo tangu zamani, na bila karatasi ya maabara huna la kujibu. Sheria ya Pennsylvania, Marekani, ya mwaka 2012 inahesabu kampuni inayopasua miamba ili kutoa gesi kuwa ndiyo iliyochafua maji yaliyo ndani ya mita 762 kutoka kisima chake, yakiharibika katika miezi 12 baada ya kazi hiyo, mpaka ithibitishe vinginevyo. Ndiyo maana kule kampuni zenyewe hukimbilia kupima mapema. Hapa kimbilia wewe.

Omba vipimo vya kloraidi, bromaidi na bariamu, ambazo ni alama za maji ya chumvi ya chini, na methani, yaani gesi asilia yenyewe. Piga pampu kwanza mpaka maji yaliyolala bombani yaishe, kisha jaza chupa hadi mdomoni, pasibaki hata kiputo kimoja cha hewa, kwa sababu methani hutoroka. Weka kwenye barafu. Mwenyekiti wa kijiji ashuhudie na kutia saini, na nakala moja ipelekwe Bodi ya Maji ya Bonde. Methani haina harufu wala haimdhuru anayeyanywa, lakini ikijikusanya kwenye kibanda cha pampu kilichofungwa, njiti moja ya kiberiti inatosha kulipua.

Kuhusu shamba, dai jambo moja kabla tingatinga halijaingia: udongo wa juu, ule mweusi wenye mizizi, urundikwe peke yake, usichanganywe na wa chini. Hautengenezeki upya kwa umri wetu. Rundo lifunikwe kabla ya mvua za Desemba.