Fundi Vioo, Nenda Ukapimwe

Wiki hii kijana mmoja fundi vioo wa Ubungo ameniandikia: "Shikamoo kaka. Mimi kioo naweka, hakivuji, wateja wananipigia wenyewe. Hicho cheti unachokisema kila siku kitaniongezea nini?" Nimetoka kuhuisha kadi yangu ya ufundi juzijuzi, kwa hiyo swali limenikuta moto. Jibu nimeona liwe la wote.

Marahaba, mdogo wangu. Kazi nilijifunza mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, chini ya fundi mmoja mkali, Mungu amrehemu. Nilipofika Uingereza mikono ilikuwa imeshakomaa. Gereji iliyonichukua hapa Leicester haikuuliza mikono yangu inaweza nini, iliuliza karatasi. Nikawa mtu wa kushika upande wa pili wa kioo, kufagia vipande na kuosha magari. Kijana ambaye mimi ndiye niliyemwonyesha namna ya kupitisha waya wa kukatia gundi bila kukwaruza rangi ndiye aliyekuwa akikabidhiwa gari la kazi na kutumwa kwa wateja wa bima. Yeye alikuwa na kadi. Mpaka leo nikipita geti lile nakaza mwendo.

Kadi yenyewe wengi tumeijua kwa jina la ATA, yaani uthibitisho wa fundi wa magari. Inatolewa na Institute of the Motor Industry, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1920. Hufundishwi kitu pale, unapimwa tu: maswali, halafu kazi ya mikono mbele ya mtahini asiyekujua wala kufanya biashara na bosi wako. Ukifaulu unasaini kanuni za maadili, na baada ya miaka 3 unapimwa upya. Wengi hulalamikia hilo la kurudi. Mimi naliunga mkono kabisa, kwa sababu magari hayakai yalivyo. Siku hizi nyuma ya kioo cha mbele kuna kamera inayosoma mistari ya barabara na kusaidia gari kufunga breki. Ukibadilisha kioo bila kuipima upya kamera ile, inaweza kukosea mahali gari la mbele lilipo.

Siku ya mtihani niliwekewa kioo kilichopigwa kokoto, kikatoa nyota yenye miguu mitatu. Unapima kwanza. Ukaguzi wa magari wa kila mwaka hapa unaangalia kwa ukali ukanda wa milimita 290 ulio mbele ya usukani; kasoro ikizidi milimita 10 hapo, gari limefeli. Kwa hiyo kabla hujagusa bomba la utomvu, ile gundi ya maji ya kujazia ufa, unatakiwa useme: hiki kinazibika au kinabadilishwa? Kisha unakausha unyevu, unafunga kifaa juu ya tundu, unavuta hewa, unasukuma utomvu. Miguu ya nyota huonekana myeusi kwa sababu hewa imo ndani. Utomvu ukiingia inafifia mmoja mmoja, na ule wa mwisho ndio msumbufu. Mtahini alinyamaza kimya, nami sikuharakisha. Taa ya urujuanimno ya kugandisha utomvu, tone la kujazia juu, wembe wa kusawazisha, basi. Akaniuliza: kwa nini umevuta hewa kwanza? Swali hilo Gerezani hakuna aliyewahi kuniuliza, na jibu nilikuwa nalo.

Hapo ndipo jibu lako lilipo, mdogo wangu. Kutovuja ni kipimo cha mvua tu. Kioo cha mbele ni tabaka mbili zenye utando wa plastiki katikati, kinasaidia kubeba paa gari likipinduka, na kwenye magari mengi mfuko wa hewa wa abiria hukiegemea unapofumuka. Kikitoka kwenye fremu, mfuko nao unakosa pa kujishikiza. Nimeona kwa macho yangu vioo vya mbele vilivyobandikwa kwa silikoni ya madirisha ya nyumba, havivuji hata tone, na mwenye gari anampakia mtoto kiti cha mbele akiwa na amani kabisa. Gundi ya kazi hii ni ya poliurethani, na ina muda wake wa kusubiri kabla gari halijatembea, kulingana na aina yake, joto na unyevu wa siku hiyo. Mteja akikuharakisha, mwambie hapana. Ukipoteza pesa yake, ipoteze. Roho ya mtu hailipwi kwa bei ya kuweka kioo.

Usingoje Ulaya. Tanzania, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kuwapima na kuwatambua mafundi waliojifunzia mtaani. Kenya kuna majaribio ya NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, daraja la III mpaka la I. Pengine utaambiwa vioo havina mtihani wake peke yake. Basi pimwa kwenye ufundi wa magari, ingia kwenye orodha, halafu mkiwa wengi ombeni vioo vipewe nafasi yake. Mafundi wa vioo tumezoea kulalamika kijiweni na kuogopa mtahini, na bei yetu inapangwa na wengine.

Wakati unajiandaa, nunua daftari. Kila kioo andika namba ya gari, tarehe, aina ya gundi, namba ya toleo iliyochapwa kwenye bomba na siku inayoisha muda. Piga picha ya fremu baada ya kukata gundi ya zamani, kabla hujapaka dawa ya awali ya kushikisha gundi mpya. Mtahini akitaka ushahidi wa kazi zako, unampa daftari hilo.