Jibu: Data za TDHS 2022 nimepata, mbona faili la GPS halimo?

Salama mkuu. Umesema ombi lako la data za TDHS 2022 (utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya Tanzania) limepita, umepakua faili la wanawake na la watoto, ila la GPS, lenye nukta za mahali, hulioni, na tasnifu yako inataka umbali wa kaya hadi zahanati.

Kwanza rudi kwenye akaunti yako kwenye tovuti ya DHS (programu inayotoa data hizi), fungua mradi uleule, uangalie kama uliweka tiki kwenye data za kijiografia. Hizo huombwa peke yake, na sababu zake. Sijaona ulichoandika, ila "kwa ajili ya utafiti" haitoshi. Taja utakachozifanyia.

Sasa kazi iko hapa: nukta zile ni za klasta (kundi la kaya za eneo moja), si za kaya mojamoja, tena zimesogezwa makusudi ili waliohojiwa wasitambulike. Mijini hadi kilomita 2, vijijini hadi 5, na asilimia 1 ya klasta za vijijini hadi 10. Ukiandika "kaya hii iko mita 800 toka zahanati", mtahini makini anakukamata hapo hapo. Mimi huchora duara kuzunguka nukta ya klasta, kilomita 2 mjini na 5 kijijini, nikahesabu vituo vya afya vilivyomo. Majira-nukta ya vituo (namba za GPS za mahali vilipo) yapo kwenye rejista ya Wizara ya Afya.

Na v005 (safu ya uzito wa sampuli kwenye faili la wanawake) igawe kwa 1,000,000 kabla ya kuitumia kama uzito kwenye hesabu zako.