Antena ya Mzee Ilitazama Unguja, Yangu Inatazama Missouri City

Ndugu Mhariri, wiki hii umetuuliza sisi wa ughaibuni: bado mnalipia televisheni ya kebo, na kama mmeikata, mnatazamaje? Mimi niliikata mwaka 2021. Naishi Alief, kusini-magharibi mwa Houston, na mke na watoto watatu, na kilichonifanya niikate ni mstari mmoja tu kwenye bili.

Bili ilikuwa dola 187 na senti zake, nami nilikuwa nailipa bila kuisoma. Jumamosi moja nikakaa nayo, kalamu mkononi. Kifurushi chenyewe. Kodi ya visanduku viwili. Ada ya michezo, yaani nyumba isiyojua besiboli inalipia besiboli. Halafu ada ya vituo vya hapa mjini, dola 21. Nikapiga simu. Dada aliyepokea, mpole kabisa, akanieleza kwamba vituo huidai kampuni ya kebo, na kampuni hunidai mimi: Chaneli 2, 11, 13, 26 na wenzao. Sasa hizo chaneli zinarushwa bure hewani! Zinapita juu ya paa langu usiku na mchana. Nilikuwa namlipa mtu aniletee maji ya mvua kwa ndoo.

Kwa mtoto wa Dar es Salaam wa rika langu, antena si kitu kigeni. Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994. Kabla ya hapo mwenye TV alitazama Zanzibar, na antena za mtaani kwetu zote zilielekea baharini, utadhani zinangoja boti ya Unguja. Mzee alikuwa akipanda juu ya bati, kaka anakaa dirishani, sisi wadogo mbele ya TV. "Imeshika?" "Bado!" "Sasa je?" "Hapo hapo! Aah, umeipoteza." Nilidhani Marekani mambo hayo yalikwisha zamani.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kununua ile antena bapa, nyembamba kama karatasi, ya kubandika dirishani. Dola 20. TV ikasaka, ikaleta chaneli zaidi ya 80: nusu Kihispania, mahubiri, wauza vito, filamu za kauboi tangu asubuhi hadi asubuhi. Lakini 8, 11 na 13 hazimo. Nikasaka tena, hazimo. Nikaihamishia dirisha jingine, nikaibandika hadi kwenye dari, mke wangu akanitazama tu.

Wenzangu wa Houston, hapa nisikilizeni kabla hamjaenda dukani. Analoji ilipozimwa Marekani tarehe 12 Juni 2009, stesheni nyingi zilihamia UHF, masafa ya juu yenye mawimbi mafupi, na antena nyingi za bei rahisi hutengenezwa kwa ajili hiyo. Za kwetu 8, 11 na 13 zilibaki VHF, masafa ya chini. Mawimbi ya huko ni marefu: nusu ya wimbi la Chaneli 11 ni kama sentimita 75, nalo linataka chuma chenye urefu wa karibu hivyo. Karatasi ya dirishani haifui dafu. Nikatafuta ile ya kizamani, mti mmoja wenye mbavu ndefu na fupi, ileile ya mzee, nikaifunga kwenye ukingo wa baraza na kuielekeza kusini-mashariki, upande wa Missouri City. Huko ndiko ilikosimama minara mikubwa ya televisheni ya jiji, mingine inakaribia mita 600 kwenda juu. Mke ndani, mimi nje. "Imeshika?" Ikashika.

Wiki ya pili ofisi ya nyumba ikanibandikia barua mlangoni: ondoa chuma hicho. Nikawajibu kwa barua, nikaambatanisha kanuni ya FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, ambayo tangu 1999 inamlinda hata mpangaji, ilimradi antena iko kwenye baraza anayoitumia peke yake. Sijasikia neno tena.

Limebaki tatizo moja, nalo ni taa. Chaneli 8 ni kituo cha elimu cha Chuo Kikuu cha Houston, cha kwanza cha aina yake nchini humu, tangu 1953, na ndiyo katuni za wanangu. Ukiwasha taa ya LED juu ya jiko, picha inakatika vipande vipande. Baadhi ya balbu hizo hutoa kelele za umeme ambazo VHF haizivumilii. Nimebadilisha balbu mbili, ya tatu imejengewa ndani ya dari. Kwa hiyo katuni zikianza, mpishi anapika kwa mwanga wa dirisha.

Upande wa strimingi sina sifa nyingi za kutoa. Wengi waliokata kebo wanakimbilia huduma za kurusha chaneli zilezile mtandaoni, na baada ya muda wanajikuta palepale: YouTube TV ilianza 2017 kwa dola 35 kwa mwezi, na Januari 2025 ikafika dola 82.99. Mimi nanunua kama bando. Mwezi huu huduma moja, tukimaliza tamthilia yetu nafuta, mwezi ujao nyingine au hakuna. Mpira mwingi unaletwa na antena: Jumamosi nyingi Chaneli 2 ina mechi ya Ligi Kuu ya Uingereza saa tano na nusu asubuhi, na Kombe la Dunia la 2022 lilikuwa Fox na Telemundo ya Kihispania, vyote vituo vya bure hewani. Morocco walipowatoa Ureno tuliangalia kwa Kihispania, maana mtangazaji wao akilia goli hata jirani anaamka. AFCON ndiyo haipo hewani. Hiyo naitolea pesa mwezi mmoja, bila kinyongo.

Mama akija kututembelea hajali yote hayo. Yeye ni YouTube tu, taarifa ya habari ya saa mbili usiku kutoka nyumbani, ambayo wakati wa joto inamkuta hapa saa sita mchana, wali ukiwa mezani.

Halafu ikaja Beryl. Alfajiri ya Jumatatu, 8 Julai 2024, kimbunga kiliacha wateja zaidi ya milioni 2 wa eneo la Houston bila umeme. Intaneti ikafa, simu zikawa zinasuasua, joto halisemeki. Nikatoa TV ndogo ya watoto, nikaichomeka kwenye inveta ya gari pale nje, nikavuta waya wa antena kutoka barazani. Chaneli 13 hiyo! Majirani wakaja na viti vyao, mzee wa Vietnam wa mlango wa pili akaja na tikiti maji, tukawa tunasikia ni mitaa gani imerudishiwa umeme. Na mtaa mzima ukiwa giza, hakuna balbu wala mashine ya kuharibu mawimbi, hata Chaneli 8 ilikuwa safi kuliko siku zote. Wanangu walikuwa kwenye katuni zao siku ya tano umeme uliporudi. Taa ya jikoni ikawaka yenyewe, na Chaneli 8 ikakatika vipande vipande. Wakapiga kelele wote watatu, na mpaka leo sijui kama ilikuwa ya furaha au ya hasira.