Bubu Kabambikiwa Kesi

SWALI: Mimi ni mwalimu wa historia, sekondari, Tanga. Naandaa somo juu ya wafanyabiashara wa Karthago, mji wa kale uliokuwa Tunisia ya leo, waliopita Gibraltar wakaenda kubadilisha bidhaa zao kwa dhahabu kwenye pwani ya Atlantiki, bila kusemezana na wenyeji hata neno moja. Nimeiita "biashara bubu". Mwenzangu anayefundisha Kiswahili kaifuta kwa kalamu nyekundu, kaandika "biashara ya kimya". Anasema biashara bubu ni magendo. Nani kakosea? Halafu: ni Wakarthago au Wakarthage?

JIBU: Mwalimu, wewe hujakosea, na mwenzako naye kwa bahati mbaya hajakosea. Waliokosea ni wengine, na nimewasubiri siku nyingi.

Kwanza habari yenyewe, maana ni tamu. Ameiandika Herodotus, Mgiriki wa karne ya 5 KK, katika kitabu chake cha nne, na anasema kaipata kwa Wakarthago wenyewe. Merikebu zikifika pwani ile, ng'ambo ya Nguzo za Hercules, yaani hiyo Gibraltar yako, mabaharia hushusha bidhaa, huzipanga ufukweni, kisha hurudi melini na kufukiza moshi. Wenyeji wakiuona moshi huja, huweka dhahabu kando ya bidhaa, halafu hurudi nyuma, mbali. Wakarthago hushuka tena na kuitazama ile dhahabu. Ikiwatosha, huichukua na kuondoka. Isipowatosha, hupanda melini wakakaa kungoja, na wenyeji huja kuongeza, mpaka roho za wauzaji ziridhike. Herodotus anamalizia kwamba hakuna anayemdhulumu mwenzake. Wale hawagusi dhahabu mpaka ifikie thamani ya mali, na hawa hawagusi mali mpaka dhahabu iwe imechukuliwa.

Isome tena, kisha uniambie magendo yako wapi hapo. Bidhaa zimeanikwa juani. Moshi unaonekana kwa kila mwenye macho. Bei inapanda bila dalali, bila kiapo, bila "bosi wangu, hii nakupa kwa hasara". Sijui ni soko gani la leo lingedumu nusu saa kwa utaratibu huo. Ukiacha dhahabu mchangani ukageuza kisogo, ukirudi utakuta mchanga.

Sasa neno. Bubu ni mtu asiyesema. Litamke polepole, utaona midomo inafumba mara mbili. Huenda neno lilizaliwa hapo hapo mdomoni. Kutoka kwa mtu likahamia kwenye vitu visivyotoa sauti: herufi bubu, kama zile ambazo Wafaransa huziandika kwa wingi na kuzitamka kwa uchache, na filamu bubu, za enzi ambapo waigizaji walipepesa macho badala ya kusema. Hadi hapo kila kitu kilikuwa sawa, na "biashara bubu" yako ingekaa kwenye foleni hiyo bila kusukumwa na mtu.

Ndipo ikaja bandari bubu. Hiyo, nakiri, nilikuwa tayari kuivumilia. Ni pwani isiyo na kibao, jahazi linatia nanga usiku, sukari na mafuta ya kupikia yanashuka, na hakuna anayemtamkia lolote mtu wa forodha. Haisemi kwa serikali, basi bubu. Kuna akili kidogo ndani yake, ingawa ukiwauliza wanaokaa jirani watakwambia makuli wa usiku hawanong'oni.

Tungeishia hapo tungekuwa watu. Lakini Kiswahili cha vikao na vyumba vya habari kikionja neno hakijui kushiba. Ikaja zahanati bubu. Ikaja shule bubu, ambayo watoto wake wanaimba jedwali la saba mpaka mtaa wote umelikariri. Na ikaja gereji bubu, na hapa naomba nafasi.

Nyuma ya nyumba ninamoishi ipo moja. Kwenye vikao vya mtaa huitwa gereji bubu, na katibu huandika hivyo bila aibu. Bubu gani? Jua halijapanda sawasawa, fundi bodi keshaanza kunyoosha mlango wa Noah kwa nyundo. Fundi umeme anajaribu honi; akiisikia inalia anajaribu tena, apate uhakika, na ya tatu nadhani ni ya kujifurahisha. Kompresa inanguruma. Aliyenunua kabureta jana karudi, pikipiki bado inakohoa, na anadai hela yake kwa sauti ya kufika Chalinze. Redio imewashwa ili kazi zisichoshe. Kitu pekee kisichosikika pale ni leseni. Kumbe ile gereji ya barabara kuu, yenye ukuta, risiti na vyeti ukutani, unapita mbele yake husikii hata spana ikianguka. Nayo haijawahi kuitwa bubu na mtu yeyote. Kwa hiyo siku hizi bubu ni mwenye kelele asiyelipa, na anayelipa akanyamaza ni msemaji. Mtoto anayejifunza lugha tumweleze vipi?

Tena wapo watu ambao kweli hawasemi. Neno hilo wamekuwa wakirushiwa kama tusi tangu utotoni, na sasa tumewaongezea ukwepaji kodi, dawa zilizopitwa na muda na sukari ya usiku. Bubu wa watu kabambikiwa kesi, na hata kujitetea hawezi.

Wala si kwamba tumeishiwa maneno. Magendo tunayo. Njia za panya tunazo, na hizo ni Kiswahili cha mtu aliyewahi kumtazama panya akitembea. Gereji isiyo na leseni inaweza kuitwa gereji isiyo na leseni; ni maneno machache tu, hayavunji jino. Naambiwa ni marefu kwa kichwa cha habari. Basi punguzeni ukubwa wa picha ya mgeni rasmi.

Turudi Atlantiki. Kwenye hadithi ya Herodotus ukimya haukuwa wa kuficha kitu. Cosmas, mfanyabiashara wa Alexandria wa karne ya 6 BK, anasimulia biashara inayofanana na hiyo kati ya watu wa Aksum, dola ya kale ya Ethiopia, na wenye dhahabu wa nchi aliyoiita Sasu: nyama, chumvi na chuma vinawekwa juu ya boma la miiba, mwenye dhahabu anaweka vipande vyake juu ya anachokitaka na kusogea mbali. Sababu anaitaja mwenyewe: lugha ni tofauti, na wakalimani ni vigumu kupatikana. Huo ndio ububu halali, wa pande mbili zisizokuwa na lugha moja. Masimulizi ya safari ya Hanno wa Karthago kwenye pwani hiyo ya Atlantiki yanasema alichukua wakalimani kwa Walixitae, watu wa pwani hiyo, na bado walifika mahali ambapo wakalimani wenyewe hawakuambulia kitu. Pwani yetu ilikuwa na bahati nyingine. Mwongozo wa mabaharia wa Kigiriki wa karne ya 1 BK unasema manahodha Waarabu kutoka Muza, bandari ya Yemen, walioenda Rhapta, soko la kale la pwani yetu ya Afrika Mashariki, waliijua lugha ya wenyeji na kuoana nao. Hapo hapakuwa na bubu. Palikuwa na mashemeji.

Wapo wanahistoria wasioiamini sana hadithi ya moshi na dhahabu, kwa kuwa inasimuliwa ya namna hiyo hiyo sehemu nyingi mno. Waambie wanafunzi hilo pia. Kwamba mabaharia wa ukoo huo walipita mlangobahari wa Gibraltar haina ubishi: kisiwa cha Mogador, mbele ya Essaouira huko Moroko, kimetoa vigae vya vyungu vya karne ya 7 KK vya Wafoinike, watu walioanzisha Karthago.

Hukumu, basi. Kwa haki ya lugha, "biashara bubu" ni yako na umeitumia vizuri kuliko katibu yeyote wa mtaa. Lakini mbele ya darasa la Tanga, mji wenye pwani kama ile, ukiandika bubu ubaoni nusu ya darasa itamwona Mkarthago na madumu ya mafuta gizani. Andika "biashara ya kimya". Si "ya kimyakimya", tafadhali, maana hiyo inarudisha magendo kwa mlango wa uani. Nimekupa jibu hilo kwa kununa, na mwenzako asilichukue kuwa ushindi.

La pili ni jepesi: mji ni Karthago, watu wake Wakarthago. Wakarthage waachie wanaotafsiri huku wamekodolea maandishi ya Kiingereza.