Maswali Yenu: Tiba ya Akili na Uraibu Karibu na Nyumbani

SWALI: Zahanati yetu ina muuguzi mmoja, ndiye mimi, na wahudumu watatu wa afya ya jamii. Tunataka kuhudumia wenye sonona na walioshindwa kuacha pombe, ila bingwa wa magonjwa ya akili yuko mbali. Tuanzie wapi?

JIBU: Dada muuguzi, kabla ya dawa anza na daftari. Mara nyingi huduma hizi hazifi kwa kukosa bingwa. Hufa kwa sababu mgonjwa alikuja mara moja, hakurudi, na hakuna aliyegundua. Andika tarehe ya kurudi, namba ya simu, na jina la mtu ambaye mgonjwa mwenyewe amekubali atafutwe kupitia kwake. Kila wiki pitia waliokosa. Siku ya kwanza muulize pia: tukikufuata nyumbani, tujitambulishe vipi? Mhudumu mwenye fulana ya zahanati akipiga hodi, mtaa mzima umeshajua.

Kupima sonona, tumia dodoso la PHQ-9: maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila moja alama 0 hadi 3. Jumla ikifika 10, mhoji zaidi, maana alama peke yake haithibitishi ugonjwa. Swali la tisa linagusa mawazo ya kufa au kujidhuru. Akijibu chochote zaidi ya sifuri, zungumza naye kabla hajaondoka, hata kama jumla yake ni 4. Na ajibu akiwa peke yake. Mama mkwe akikaa pembeni, utapata sifuri tupu.

Kwenye dawa za sonona ndiko wengi wanakopotelea. Kichefuchefu na kukosa usingizi huja wiki ya kwanza, ilhali nafuu kwa kawaida huchukua wiki mbili hadi nne, pengine zaidi. Asiyeambiwa hivyo huacha mapema akiamini dawa ni mbovu. Mpangie arudi baada ya wiki moja, si mwezi. Bingwa mpigieni simu kila mwezi, daftari likiwa mezani. Mwongozo wa mhGAP wa Shirika la Afya Duniani uliandikwa kwa ajili ya wasio mabingwa kama ninyi, uombeni.

SWALI: Shikamoo daktari. Kaka yangu hunywa pombe kali tangu asubuhi, kila siku. Ameamua kuacha. Tumfungie chumbani siku tatu?

JIBU: Marahaba. Msimfungie, na asiache ghafla. Kutetemeka na jasho huanza baada ya muda wa saa 6 hadi 24 tangu kinywaji cha mwisho, degedege huja zaidi ndani ya saa 48, na kuweweseka kunakoweza kuua hufuata siku ya pili hadi ya nne. Yaani mmechagua siku zilezile za hatari. Mpelekeni kituo cha afya kwanza. Kama aliwahi kupata degedege au kuweweseka alipoacha, au ana ugonjwa mwingine mkubwa, alazwe. Wengine hutibiwa nyumbani, muuguzi akiwaona kila siku, kwa dozi ya diazepamu (dawa ya kutuliza) inayopunguzwa taratibu pamoja na vitamini B1.

SWALI: Mwanangu ametoka kituo cha kurekebisha tabia. Miezi mitatu hajagusa heroini. Amepona?

JIBU: Mama, hiki ndicho kipindi cha kumwangalia zaidi. Mwili umepoteza uzoefu, na kipimo alichokizoea zamani sasa kinaweza kumuua. Ulizeni mapema kuhusu methadoni au buprenofini, dawa zinazotolewa badala ya heroini, ambazo hupunguza sana hatari hiyo, na muwe na naloksoni ndani, dawa ya dharura inayozuia nguvu ya heroini mwilini. Ukimkuta haamki, anapumua kwa shida na midomo imebadilika rangi, iteni msaada, mpeni naloksoni, mpulizieni pumzi mdomoni. Naloksoni huisha nguvu ndani ya dakika 30 hadi 90 na heroini iliyobaki inaweza kumzimisha tena, kwa hiyo hata akiamka na kusema yuko sawa, apelekwe hospitali.